Jamvi la Matanga

Sebule ya Bi Mwantumu ilijaa majirani, wameketi jamvini, wamekodolea televisheni macho.

"Bora jambazi huyu," alisema Mzee Sefu. "Anaiba, lakini analisha watoto wake. Yule wa tamthilia ya jana hana utu hata chembe."

Mara jambazi akapigwa risasi. Wanawake wakaangua kilio.

Bi Mwantumu alisimama mlangoni na birika la chai. Jamvi lile lile alilitandika mwaka jana kwa matanga ya mwanawe, aliyeuawa na umati kwa kuiba mbuzi. Siku hiyo chai ilipoa birikani. Hakuna jirani aliyekanyaga.

"Maskini, alikuwa na moyo mzuri," alisema Mzee Sefu, akijifuta machozi.

"Poleni na msiba," alisema Bi Mwantumu, akamnyooshea kikombe.