Kimya cha Mapigo Kumi na Saba

Kati ya watazamaji, Mapafu alipakata tromboni chini ya koti, akaanza kuhesabu mapigo.

Bendi iliyokuwa jukwaani aliianzisha yeye na shemeji yake, mpiga kinanda. Walipiga ska, muziki wa kurukaruka, miaka tisa, na kila ukumbi waliopita uliachwa na sakafu ya kutengenezwa. Kisha shemeji akanunua kinanda cha pili, akanunua cha tatu, akafuga nywele, na ska ikageuka roki ya wimbo mmoja wa dakika arobaini.

"Shemeji, wewe pumzika sasa," alimwambia mbele ya wenzao. "Hilo bomba lako linawanyanyua watu vitini. Siku hizi tunapiga muziki wa kukaa na kutafakari."

Bomba. Tromboni ya miaka tisa, leo bomba.

Miezi minne Mapafu alisikiliza mazoezi yao nyuma ya ukuta, hadi akaujua wimbo kuliko wenyewe. Katikati una kimya cha mapigo kumi na saba, na hapo shemeji hufumba macho kwa raha. Dada yake Mapafu, aliyeolewa naye, hajawahi kupendwa hivyo.

Vinanda vikanyamaza. Ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Pigo la tano, Mapafu alisimama safu ya tatu, akalamba midomo, akapuliza ska yao ya kwanza kabisa.

Shemeji akafumbua macho.

Kiti kimoja kikajikunja kwa kishindo, mwenyewe kainuka. Kikafuata kingine. Jukwaani, mpiga ngoma akatazama chini, akakuta mguu wake umeshaanza bila ruhusa.