Alama ya Shingoni

Muhonja alikuwa ameshaikunjua ngozi juu ya meza ya kibanda chake pale Kariokor, kisu cha kukatia viatu mkononi, alipoiona alama kwenye sehemu ya shingo ya ngozi hiyo: mikato mitatu kama unyayo wa kuku.

Akakiweka kisu chini polepole.

Katika kile kiwanda cha zamani cha ngozi, kila fundi alikata alama yake kabla ya kutumbukiza ngozi kwenye shimo la maji ya magome ya kuilainishia, ili ikiharibika ajulikane wa kulaumiwa. Unyayo wa kuku ulikuwa wa mumewe. Siku kiwanda kilipofungwa, miaka mingi iliyopita, alitoka kwenda kuchukua vifaa vyake, asirudi. Walimtafuta hata wakachoka, na mwishowe wazee wa kwao Maragoli wakazika mgomba badala yake, kama ilivyo desturi mwili usipopatikana.

"Umeitoa wapi?" alimuuliza mchuuzi aliyemletea.

"Hiyo ni stoki ya kitambo, mathe. Ilibaki stoo vile kiwanda kilifungwa."

Alijibu akitazama kwingine. Muhonja akaibonyeza ngozi kwa kidole gumba, karibu na ile alama. Ngozi iliyokaa stoo ingekuwa imekauka, lakini kidole kikatoka kimelowa maji ya rangi ya chai. Harufu ya magome ikamjaa puani, mbichi, ileile aliyoifua kwenye mashati ya mumewe miaka nenda miaka rudi.

"Kama hutaki, nirudishie," mchuuzi alisema, akianza kuivuta.

Muhonja hakuiachia.

"Mwambie aliyeikata," alisema, "ule mgomba tuliouzika umechipua."