Fremu Zilizopotea

Mchezo umekatika mara kumi na saba kwa saa moja. Ndivyo dada yake Sitini alivyoandika katika daftari lake la ukaguzi, na mahali pote kumi na saba palikuwa tofauti: mara darajani, mara kwenye kona ya kwanza, mara kwenye barabara iliyonyooka isiyo na hata jiwe.

Sitini alilisoma daftari lile akiwa amesimama. Jina hilo alipewa palepale kazini kwa sababu ya majigambo yake. Mchezo wowote aliouunda yeye, hata kwenye kifaa cha mkononi cha hali ya chini kabisa, ulikwenda picha sitini kwa sekunde, na aliyebisha aliambiwa ahesabu mwenyewe. Huu wa sasa ulikuwa wa mwendesha baiskeli anayeteremka mlima. Kaunta ya kuhesabu picha aliyoiweka pembeni ya kioo ilisema sitini asubuhi, sitini mchana, sitini hata betri ikiwa inakata roho. Lakini mkaguzi alikuwa dada yake, na mkaguzi alisema mchezo unakatika.

Wiki iliyotangulia alikuwa ameandika mara tatu. Juzi, tisa. Bosi, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimwambia Sitini kwamba mchezo unakabidhiwa Ijumaa, na kama utatoka na kigugumizi chake, basi na yeye atoke nao kwa mlango huohuo. Kisha akaongeza kwa upole, na upole huo ndio uliotisha, kwamba kaunta huandikwa na mtu, na mtu anaweza kuiambia iseme anachotaka.

Kwa hiyo sasa alikuwa mwongo, na aliyemfanya aonekane hivyo ni mtu aliyemlea. Dada ndiye aliyemfundisha kusoma, ndiye aliyemleta kazini hapo na kumdhamini. Jicho lake halikuwa na mfano. Fremu moja, yaani picha moja tu, ikipotea katika elfu, ataiona na atakuonyesha ilipopotelea. Sitini alibadilisha vifaa vitatu, akapunguza majani ya miti, akafuta vivuli, akashinda siku mbili bila kula cha maana. Idadi ikazidi kupanda.

Jumatano alimfuata kwenye chumba cha ukaguzi, kile kidogo chenye pazia zito na feni inayolia. Alijitahidi kutuliza sauti.

"Dada, nimekukosea nini?"

Dada alimtazama. Hakujibu. Alimtazama kama mtu anavyotazama ukuta, kalamu mkononi, kwa muda mrefu kiasi cha Sitini kusikia feni ikilia, ikinyamaza, ikilia tena. Kisha akainamia daftari.

"Kumbe umeingia," akasema. "Umefuata kifaa?"

Dharau ile ilimchoma kuliko daftari zima. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, naye sasa aliijua nguo yenyewe. Akatoka bila kuaga, na kabla hajafika kwenye meza yake alikuwa ameshapata la kufanya.

Alhamisi, kabla dada hajafika, aliegemeza simu yake kwenye rafu ya chumba kile, kamera ikielekea kioo cha kifaa, mikono ya mkaguzi na uso wake. Kamera haina undugu na mtu. Kama picha zinakatika, itaonekana zinakatika; kama dada anaandika uongo, itaonekana anaandika uongo. Saa tano akaichukua simu, akaenda nayo moja kwa moja kwa bosi, akaomba dada aitwe. Video yenyewe hakuitazama kwanza. Alitaka waione wote kwa pamoja, na alitaka, Mungu amsamehe, kumwona dada yake akiumbuka.

Dada aliingia, akaketi, akaelezwa. Hakukasirika kwamba alirekodiwa kwa siri. Alisema ni vizuri, labda sasa mdogo wake ataamini, maana hata yeye jambo hili linamnyima raha.

Wakaanza kutazama. Kwenye video dada alikuwa ameinamia kifaa, vidole gumba vikicheza juu ya vitufe kwa wepesi ambao Sitini hakuwahi kuupata. Baiskeli ikateremka. Ikapita darajani, ikakata kona ya kwanza, laini kama mafuta yanavyomiminwa, na kaunta ikasema sitini. Sitini akajikuta anatabasamu.

Kisha vidole vikasimama.

Baiskeli haikusimama. Iliendelea kuteremka, laini vilevile, bila mtu wa kuiongoza. Ikaacha barabara, ikapita kwenye nyasi, ikatumbukia korongoni. Macho ya dada yalikuwa wazi, yamekielekea kioo, hayapepesi. Mlango ukasikika ukifunguliwa, na sauti ya bosi ikauliza kama ameshakunywa chai. Ikauliza mara ya pili. Mlango ukafungwa. Kaunta ilikuwa bado inasema sitini pale dada aliposhtuka, akasonya, akachukua kalamu na kuandika.

Tabasamu lilikuwa limemtoka Sitini. Bosi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Hakuna kati yao aliyethubutu kugeuka na kumtazama mtu wa tatu pale mezani. Video ikaendelea kucheza, mpaka dada mwenyewe aliposhtuka, akasogeza kiti na kunyoosha kidole kwenye simu.

"Mnaona sasa?" alisema. "Hata video yenu imekatika."