Skafu za Mikono-Mawe

Kisa hiki ni kweli tupu. Mimi chumvi naongeza kwenye mchuzi tu.

Asubuhi ya sikukuu, dereva mmoja mstaafu aliikusanya familia sebuleni, akagawa skafu za sufu, kila mtu na rangi yake.

"Nimezifuma mwenyewe," akatamba. "Mbili nilizifuma nimefumba macho. Ya tatu nilipiga chafya, ikajimaliza yenyewe!"

"Baba nanii," mkewe akasema, "wewe kifungo tu kinakushinda."

"Kama nadanganya, nitazifuma zote upya mbele yenu. Na vyombo vya leo nitaosha mimi!"

Wakacheka wote, isipokuwa dada yake mkubwa. Huyo ndiye aliyembandika jina la Mikono-Mawe tangu utotoni, na leo mstaafu alikuwa amekusudia kulifuta.

Dada akaitandaza skafu yake mapajani. Akaikunjua pembe kwa ukucha, polepole. Kwa ndani, pasipoonekana, palikuwa na fundo moja la uzi mwekundu. Akavuta skafu ya wifi yake, akaikunjua pembe. Fundo lile lile jekundu.

"Mdogo wangu," akasema kwa upole, "fundo hili naliweka mimi, kwenye kila skafu ninayoifuma na kuipeleka dukani."

Sebule nzima ikamgeukia mstaafu.

Dada akatoa mkobani sindano mbili za kufumia na donge la uzi.

"Sogea hapa, Mikono-Mawe. Tuanze na yangu. Vyombo havina miguu, vitakungoja."

Mstaafu akakunja mikono ya shati.