Majaji Wanatosha

Kijiko kiligonga kikombe gizani. Umeme ulikuwa umekatika, na bwana mkubwa aliyepewa kazi ya kupima jimbo linahitaji majaji wangapi alikoroga chai yake kwa madaha.

“Wanatosha, mke wangu. Tumepima kwa saa. Dakika mbili tu, kesi imekwisha.”

“Imekwisha au imeahirishwa?” mkewe aliuliza. Kaka yake alikuwa mwaka wa tatu rumande, kila mwezi akiambiwa kesi imeahirishwa.

“Kwenye kipimo chetu ni kitu kimoja.”

“Hongera, msomi! Basi mgonjwa akiambiwa arudi kesho, kwenu ameshapona.”

Mume akacheka, akamwita binti yao amulike tochi ili yeye atie sahihi ripoti yake ya majaji. Kalamu ilipogusa karatasi, binti akaizima tochi.

“Mjomba hajarudi.”