Kiti Chekundu

Katika shule ya watoto wenye ulemavu, viti vilitengenezwa kwa maboksi na gundi ya unga wa muhogo. Kila mtoto alikuwa na chake, na akikua alitengenezewa kingine.

Mama Shomari aliomba kikubwa mapema, tena kipakwe rangi nyekundu. Asubuhi kilipokuwa tayari, alimkalisha mwanawe humo, akamfunga mkanda kifuani. Shomari akaporomokea upande kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba. Pumzi ikaanza kukoroma.

Mwalimu Nasra alimwinua haraka, akamsugua mgongo mpaka akatulia.

“Turudi kwenye kile cha zamani, mama.”

“Si kilikuwa kinambana?”

 Mwalimu alimkalisha kwenye kile cha zamani. Ubavuni, palipokuwa pakimbana, pakabaki nafasi.

“Uji anakunywa?”

“Anakunywa,” alisema mama. Kisha akainama. “Anautema.”

Alivua khanga ya begani, akaikunja, akaisokomeza kwenye ile nafasi. Haikutosha. Mwalimu akavua na ya kwake.

“Kile chekundu msimpe mtoto mwingine,” alisema mama.

“Hatutampa.”

Mwalimu akakipandisha juu ya kabati. Shomari akakifuata kwa macho mpaka kilipofika.