Kukosa Habari

Karani wa dirisha la tatu aliinua kopo la gundi, akaichungulia bahasha iliyokuwa chini yake, akalirudisha. Mwaka mzima ilikuwa imelala hapo, ndani ya droo. Leo lazima itoke, kwa sababu leo ilikuwa siku yake ya mwisho posta. Jumatatu droo ingekuwa ya mwingine.

Ilikuwa barua iliyorudi. Bibi mmoja alimwandikia mwanawe aliyekuwa ughaibuni, nayo ikarejeshwa ikiwa na muhuri mwekundu: aliyeandikiwa amefariki.

Siku iliporudi, bibi mwenyewe alikuwa amesimama dirishani.

"Kuna chochote changu, baba?"

Karani aliisukuma bahasha chini ya kopo la gundi. "Hamna, mama. Lakini Waingereza wana msemo wao: no news is good news."

"Ndiyo kusema nini?"

"Kukosa habari ni habari njema. Huambiwa mtu ambaye mpendwa wake yuko mbali na amenyamaza. Angepatwa na jambo ungeshasikia. Mabaya hayakawii kufika."

"Basi yuko salama."

"Yuko salama, mama."

Bibi alifikiri kidogo. "Na msemo huo hutumika mpaka lini?"

"Haukuwekewa mwisho."

Tangu hapo hakukosa Ijumaa hata moja. Alifika amevaa nguo iliyopigwa pasi, akauliza, akajibiwa, kisha akamtania karani kwamba Kiingereza chake kimevaa tai. Halafu wakamzungumzia kijana: alivyokuwa mgumu kuamka, alivyopenda kulamba sukari kavu kavu. Karani akacheka kana kwamba amemlea yeye.

Tuseme ukweli, hakuificha barua kwa huruma tupu. Alikuwa mgane asiye na mtoto, na wiki nzima watu walimsemesha kwa kidole, wakionyesha stempu wanayoitaka. Aliogopa kwamba siku atakayompa bibi bahasha ile, hatamwona tena.

Saa kumi bibi akaja.

"Kuna chochote changu, baba?"

Karani alifungua droo. Aliisukuma bahasha chini ya kioo, muhuri ukiwa juu.

"Nisamehe, mama. Ilirudi mwaka jana, nami nikaificha. Muhuri huu unasema mwanao..."

Bibi aliitazama bahasha, akapitisha kidole juu ya mwandiko wake mwenyewe. Hakulia. Aliisukuma taratibu ikarudi upande wa karani.

"Barua hii niliituma wiki moja baada ya kumzika," alisema. "Nyumbani wote waliniambia nizoee. Ni wewe tu uliyekuwa ukinijibu kwamba yuko salama."